Nyumba Iliyosimama

Machi 2

Mvua imeanza leo na sisi tumeanza leo. Kiangazi chote mkuu wa idara alikuwa anasubiri mafuta ya gari yaidhinishwe, na wanaoidhinisha hawana habari na mawingu. Nimepewa gari chakavu, dereva, na upande wote wa mashariki wa mkoa, kuanzia mjini kwetu hadi vijiji vya milimani. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Tunapita nyumba kwa nyumba, tunatazama kila moja imejengwa kwa nini na kwa namna gani, tunaiweka kwenye kundi lake, ili ijulikane tetemeko kubwa likija ni zipi zitakazoanguka kwanza. Tangu mwaka jana ardhi inatikisika kidogo kidogo, kama mtu anayejigeuza kitandani. Watu wameshazoea. Mimi sijazoea, na ndiyo kazi yangu kutozoea.

Shajara hii nimeinunua kwa sababu ya dereva. Wenzake wanamwita Taratibu, na ukipanda gari lake unaelewa mara moja kwa nini. Asubuhi nilianza kumsimulia ukuta wa tofali unavyopasuka, akaniinulia mkono. "Dada, mimi nikisikia habari za kuanguka sipati usingizi. Ziandike mahali, mimi niache na usukani wangu."

Basi naziandika.

Machi 4

Makundi yetu ni matano, na nayaandika mara moja nisiyarudie. La kwanza ni nyumba za fito na udongo zenye bati juu. Ni nyepesi, zinapinda na kurudi, na ikikuangukia utatoka na vumbi na jeraha. La pili ni tofali mbichi, nzito halafu dhaifu, tabia mbili mbaya katika mwili mmoja. La tatu ni mawe yaliyoungwa kwa udongo, haya yako milimani na sitaki hata kuyafikiria leo. La nne ni tofali za kuchoma zilizopandishwa ghorofa bila nguzo na bila mkanda wa zege wa kuzifunga kuta juu. Hizi ndizo zimejaa mjini na ndizo zinazosifiwa. La tano ni zege lenye nguzo na mihimili, zuri kama fundi hakuiba nondo.

Hakuna anayependa kuambiwa kwamba kibanda cha fito ni salama kuliko ghorofa. Mwanamke mmoja leo amenifuata hadi mlangoni mwa gari, mikono kiunoni. "Kwa hiyo nimejinyima miaka yote hii ili nihamie kwenye hatari?" Nilimwambia pole, akanitazama kama niliyemtukana.

Machi 5

Mvua kutwa. Hatukutoka.

Machi 8

Leo nimefika kwetu. Nilipanga mtaa wetu uwe wa kwanza, nimalize aibu mapema.

Nyumba yetu ni kundi la nne. Najua vizuri, kwa sababu nilibeba maji ya kuchanganyia udongo wake nikiwa msichana. Baba alijenga chumba cha chini akafariki, na Kaka akapandisha ghorofa juu yake peke yake, tofali kwa tofali, bila nguzo hata moja, kwa sababu nguzo zinataka nondo na wakati ule nondo kwetu zilikuwa ndoto. Kaka ni mwashi. Ghorofa ile ilipangishwa, na kodi yake ndiyo iliyonisomesha hadi nikajifunza kwamba haikupaswa kujengwa. Nikikaa nikalifikiria hilo, kichwa kinaniuma.

Mama anaishi chini. Juu anaishi mwalimu na mkewe na watoto wao, watu wapole, hata miguu yao haisikiki. Nyuma uani kuna jiko la zamani la fito na udongo.

Nilimweleza Mama polepole. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua uso.

"Katika nyumba mia za namna hii, tetemeko la kadiri likija, nusu zitaanguka."

"Na hii yangu ni ya ngapi?"

"Vipi ya ngapi?"

"Katika hizo mia. Ni ya ngapi kwenye foleni, nijue kama nina muda wa kumaliza mboga."

"Mama, haihesabiwi hivyo. Hakuna anayejua nusu ipi."

"Basi hujui." Akatupa jani lililooza. "Umesoma muda wote huo, umerudi kuniambia hujui."

Kaka alicheka hadi akakaa chini. Nami nikacheka, kwa sababu Mama akiamua kukuchekesha huna pa kukimbilia. Lakini usiku sikucheka. Hakukosea. Naweza kusema juu ya nyumba mia, juu ya nyumba moja sina neno.

Machi 12

Mtaa mzima unanuka saruji mbichi.

Nilidhani ni watu kujiandaa na mvua. Nyumba nilizoziandika wiki iliyopita zikiwa na nyufa kwenye pembe za madirisha, leo ni laini, zimepakwa lipu, nyingine na rangi juu. Nikamuuliza mzee mmoja kwa nini anapiga lipu wakati wa mvua, itakauka vipi. Akanivuta pembeni kama mtu anayetoa siri. "Binti, tunajua mnatafuta nyumba mbovu. Wale wa barabara nao walianza hivyohivyo, wakaja na alama nyekundu, halafu likaja tingatinga. Sisi safari hii hatutakutwa."

Ufa ndio kitu pekee ambacho nyumba ina uwezo wa kumwambia mtu. Sasa wanauziba kwa sababu yangu. Kabla sijaja walikuwa wanaona hatari yao kila asubuhi wakifungua dirisha. Mimi nimekuja na kalamu, wameifunika.

Na anayewapigia lipu ni Kaka. Nimemkuta mtaa wa tatu, juu ya jukwaa la miti, mwiko mkononi, amefurahi sijui kama nini.

"Mdogo wangu, umeniletea neema. Toka nianze ufundi sijapata kazi kama mwezi huu."

"Unawaambia nini hawa watu?"

"Nawaambia ukweli. Kwamba mkaguzi ni dada yangu, na nyumba safi haimpi mtu mashaka."

"Kaka, unaziba nyufa."

"Fundi anafanya nini na nyufa? Anaziacha zikue?"

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Vibarua wake waliacha kukoroga wakatazama chini. Yeye aliendelea kulainisha ukuta, taratibu, kama ninavyomfahamu akiwa ameumia, na ukuta ule ulikuwa mzuri kwa kweli. Kaka ana mkono mzuri. Ndiyo balaa yenyewe.

Machi 13

Hatusemezani.

Machi 14

Mvua. Mkuu wa idara amepiga simu kuuliza kwa nini nyumba za kundi la nne ni nyingi hivyo mtaani kwetu, kama hakuna namna ya kuhamishia baadhi ya nyumba kundi la tano. Nimemwambia namna ipo, tuzibomoe tuzijenge upya. Akakata.

Machi 19

Asubuhi, watu wakiwa wananawa uso, ardhi imetikisika. Si sana. Vikombe vimegongana kabatini, mbwa wote wakabweka halafu wote wakanyamaza. Nilikuwa nimelala kwetu kwa sababu barabara ya kwenda kwangu ilijaa maji.

Kwenye ukuta wa chumba cha Mama lipu mpya ya Kaka imepasuka, mstari mwembamba kutoka pembe ya dirisha kushuka. Mama aliutazama kwa muda, kanga begani, mswaki mdomoni. Mimi nikaona hapo ndipo pa kuingilia.

"Hamia kwangu, Mama."

"Kwako ni chumba kimoja na unakoroma."

"Basi hamia jikoni. Jiko la nyuma. Kitanda kinaenea, nitaziba panapovuja. Likianguka lote ni fito na udongo na bati, utatoka unanung'unika tu. Hadi mvua ziishe, hadi tujue ardhi inataka nini."

Nilitarajia vita. Mama alitema povu, akasuuza mdomo. "Nitahamia. Si kwamba nimekuamini. Nimechoka kukusikia."

Nilimkumbatia na mswaki wake.

Kaka aliporudi jioni akakuta tumeshahamisha kitanda, alisimama uani muda mrefu. Ndiyo mara ya kwanza kuniongelesha tangu siku ya jukwaa.

"Mama wa fundi analala kwenye tope."

"Ni kwa muda."

"Watu wanaonipa kazi wanapita hapa. Wataona nimejenga ghorofa, mama yangu analala nyuma kama kuku."

"Waone. Wakiuliza waambie sababu."

"Sababu ni kwamba nyumba yangu mbovu." Alilisema bila hasira. Ningependa angelisema kwa hasira.

Nikapanda juu kwa mwalimu, nikamweleza naye. Alinisikiliza kama anavyowasikiliza wanafunzi wake, nadhani, mpaka mwisho na bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Sasa sisi umetutafutia wapi?" Mkewe aliniletea chai. Niliinywa nikashuka.

Machi 20

Mama anasema amelala vizuri kuliko mimi. Anasema bati likipigwa na mvua ni kama kuimbiwa. Kitu pekee asichokipenda ni kubeba ndoo za maji kutoka bombani mbele ya nyumba hadi nyuma, goti linamsumbua. Alilalamika mbele yetu wote wawili.

Nimefurahi leo. Naiandika kwa sababu sijaiandika hata mara moja tangu nianze.

Machi 27

Milimani. Kila nyumba ni ya mawe na udongo, kuta zenye unene wa urefu wa mkono mzima, na watu wanazipiga kofi kwa fahari wakinionyesha. Uzito wote huo haujashikwa na kitu. Nikigusa jiwe kwenye kona ya nyumba, nikalitingisha kidogo kwa kidole, linatoka. Wenye nyumba wanaangalia nikifanya hivyo, kisha wanalirudisha mahali pake, wananikaribisha ndani.

Nimeandika kundi la tatu hadi mkono umechoka. Hakuna nyumba nyingine ya kuwapeleka. Hakuna fedha, hakuna mbao, hakuna mpango. Mkuu wa idara anataka ramani yenye rangi, na hapa nitaweka rangi nyekundu, na wao wataendelea kulala ndani ya rangi nyekundu. Nimejiuliza mara nyingi leo kazi hii inamsaidia nani. Taratibu amenipa machungwa mawili.

Machi 31

Mvua. Gari limezama. Tumelala shuleni.

Aprili 3

Mtandao ulipatikana juu ya kilima, nikampigia Mama. Kulikuwa na kelele za koleo nyuma yake.

"Kaka yako ananifanyia jambo," akasema, na alikuwa anacheka. "Nimekatazwa nisikuambie. Wewe endelea na milima yako."

"Jambo gani? Mama, umerudi kulala ndani?"

"Kwa siku chache tu, hadi amalize. Anakutengenezea jiko lako, usianze kelele."

Nikaomba nipewe Kaka. Akaja, sauti ya mtu mwenye shughuli. Akasema anapaka lipu kidogo na kuondoa bati lililotoboka. Nikamwambia, "Usiliongezee uzito, Kaka. Uzuri wake ni wepesi wake."

"Uzito gani, mdogo wangu. Mimi huyu ni fundi."

Alikuwa amenisamehe, nilimsikia. Nami nilitaka sana kusamehewa. Ningeweza kuuliza anaweka nini mahali pa bati. Mtandao ulikuwepo bado. Badala yake nilimuuliza anaendeleaje, akasema vizuri, nikasema mimi pia.

Aprili 6

Vijiji viwili leo. Mawe.

Aprili 8

Mama kanipigia mwenyewe. Ameshahamia jikoni tena. "Ukija utashangaa," amesema. "Sibebi ndoo tena." Nikajua Kaka amemvutia bomba. Nikamshukuru moyoni.

Aprili 13

Naandika nikiwa kwetu. Ni siku ya nne sasa. Sijui kama mkono utaweza, lakini nisipoandika nitaanza kuyasahau kwa mpangilio wake, na mpangilio ndio pekee nilionao.

Ilikuwa alasiri. Mvua ilikuwa inanyesha na gari letu lilikuwa limekwama kwenye tope njia ya kushuka. Mimi nilikuwa usukanini, Taratibu nyuma akisukuma. Gari likaanza kuyumba, kwa nguvu, huku na huku, nikafurahi, nikadhani tunatoka. Nikapiga kelele, "Sukuma, linaenda." Nikatazama kioo. Taratibu alikuwa amesimama mbali na gari, mikono yote miwili juu, maji yanamtiririka usoni. "Dada," akasema, "sijaligusa."

Liliendelea. Nimesoma kwa miaka kuhusu kitu hiki na sikuwahi kujua kwamba kina sauti. Chini yetu kijiji kile cha mwisho kilitoa vumbi katikati ya mvua, na vumbi na mvua haviwi pamoja, ndipo nikaelewa.

Tulikimbia kule. Kuta nyingi zilikuwa zimelala. Lakini ilikuwa alasiri na watu walikuwa mashambani, mvua au si mvua, na waliokuwa ndani tuliwatoa, wengi wakiwa wazima. Sitaandika zaidi kuhusu kijiji kile leo. Simu ya Mama haikuita. Ya Kaka haikuita. Watu wa kijiji ndio waliolitoa gari kwenye tope, watu ambao nyumba zao zilikuwa zimeanguka, wakasema nenda, una mama. Na Taratibu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, aliendesha kama mwendawazimu njia nzima.

Njiani nilikuwa napiga hesabu. Sikuweza kujizuia. Kundi la nne, nusu. Kundi la kwanza, karibu hakuna. Yuko kundi la kwanza. Mvua inanyesha, atakuwa amejilaza, yeye hulala mchana mvua ikinyesha, amejilaza jikoni. Yuko kundi la kwanza. Nilikuwa nasema kwa sauti, Taratibu ameniambia baadaye.

Mtaani kwetu nyumba zilikuwa zimeanguka moja moja, kama meno. Kwa jirani yetu mwenye kinu cha kusaga, nyumba ilikuwa imeshuka yote. Kisha nikaiona ghorofa yetu. Imesimama. Nyufa zimeipasua kutoka juu hadi chini, lakini imesimama, na mwalimu na watoto wake wako barabarani wamejifunika blanketi moja, wote, nikawahesabu. Nikasema ahsante. Nikafikiri, kama hiyo imesimama basi jiko halijatikisika hata kidogo. Nikapita pembeni kwenda uani nikiwa karibu natabasamu.

Sikuelewa ninachokiona. Nilikuwa nimemwacha Mama chini ya bati. Pale palikuwa na slabu ya zege imelala chini, nzima, imekaa sawasawa kama kifuniko cha sufuria. Juu yake tangi la maji jeusi limepasuka, na uani kote maji. Fito hazikuwepo. Udongo haukuwepo. Pembeni mwa slabu zilitokeza tofali mpya, nyekundu, zilizokuwa zimesimamishwa kwa ubavu ili zitoshe. Na Kaka amepiga magoti kwenye maji anachimba chini ya ukingo kwa mikono, na majirani wamesimama na mtaimbo, kwa sababu walikwisha kumtoa Mama, walikuwa wamemlaza barazani na kumfunika, na Kaka bado anachimba.

Nimeelezwa yote baadaye. Alibomoa fito. Akajenga kwa tofali zilizobaki kwenye kazi za watu, bila nguzo, kwa kuwa ni kajiko tu. Mahali pa bati akamwaga zege, ili juu yake aweke tangi, ili Mama asibebe ndoo. Alimwaga kwenye mvua, akatoa miti ya kushikilia kabla halijakomaa, kwa sababu alitaka nikirudi nikute pamekwisha, pamepigwa lipu na rangi. Rangi ya maziwa, aipendayo Mama.

Tumemzika juzi. Udongo ulikuwa mzito kwa maji.

Aprili 14

Kaka amekuja kukaa karibu nami barazani. Hakunitazama.

"Niulize kitu unijibu kweli. Angelala ndani, kwenye nyumba kubwa, angekuwa hai?"

"Chumba chake hakijaanguka tofali hata moja. Angekuwa hai."

"Na ningeliacha jiko la tope vilevile?"

Nilitamani kusema sijui. Mama mwenyewe alishaniambia kwamba sijui, tangu siku ile ya mboga.

"Angekuwa hai, Kaka."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa bei. "Kwa hiyo mahali pote angekuwa hai, isipokuwa kwenye zawadi yangu."

"Mimi ndiye niliyemtoa kwenye nyumba iliyosimama. Na mtandao ulikuwepo, sikukuuliza."

Sina hasira naye. Nilidhani nitakuwa nayo, nimeitafuta, haipo. Nilimwona mtu mwenye fahari ya kijinga anayeziba nyufa za watu kwa jina langu. Sasa namwona mtu aliyesikia mama yake akilalamika goti. Mimi nami nilikuwepo akilalamika, na sikufanya kitu.

Aprili 18

Kaka amepiga lipu ukuta wote wa mbele. Alianza asubuhi, peke yake, kwenye manyunyu. Sikumzuia. Mikono inataka kazi.

Aprili 22

Mkuu wa idara amenipa pole, pole ya kweli, alilia kwenye simu. Kisha akasema takwimu za majengo yaliyoanguka zinahitajika. Nimeliandika jiko letu. Machi nililiweka kundi la kwanza. Hakuna kundi la slabu juu ya tofali za ubavu, hatukufikiria kama kuna mtu angejenga hivyo.

Aprili 25

Mvua.

Aprili 26

Mvua.

Mei 4

Mvua zimepungua. Watu wameanza kupita kuitazama nyumba yetu. Mwanzoni nilidhani wanakuja kwa ajili ya Mama. Wanasimama barabarani, wanaipima ghorofa kwa macho, wanaondoka wakinong'onezana. Mwalimu amerudi juu na watoto wake. Nilimwomba asirudi. Akasema, kwa upole wake, "Imeshatuonyesha, Mhandisi."

Hakuna ilichoonyesha. Ilikuwa katika nusu ile isiyoanguka, basi. Na kila kilichopasuka ndani yake hakijaungana, na tetemeko lijalo litaanzia pale hili lilipoishia. Nimeyasema haya kwa watu wengi kiasi kwamba sasa wananisalimia wakiwa mbali.

Mei 11

Leo jua. Mwenye kinu cha kusaga amekuja. Familia yake inalala chini ya turubai tangu siku ile. Ni mtu mwenye staha, alivua kofia, akampa Kaka pole, akanipa mimi pole, akakaa kwa kiasi kinachostahili bila kutaja lililomleta.

"Fundi," akasema mwishoni, "nataka unijengee. Kama hii hii. Usibadilishe kitu."

Kaka alinitazama. Zamani angekuwa ameshashika utepe wa kupimia. "Muulize mdogo wangu," akasema.

Nikamweleza. Nguzo, nondo, mkanda wa zege, nyumba ya chini tu badala ya ghorofa, paa la bati badala ya zege. Nilimweleza kwa makini, kwa upendo hata, kwa sababu watoto wake nawajua. Nikamwambia nyumba hii ndiyo mbaya kuliko zote mtaani, kwamba kusimama kwake ni bahati tu, kwamba sisi wenyewe tunatafuta pa kuhamia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Lakini imesimama, Mhandisi."

Kaka akainuka. Akaingia ndani akatoka na nyundo, akaenda kwenye ukuta wa mbele, kwenye ile lipu yake aliyoipiga akiwa na msiba, laini kama ngozi, pengine kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Akapiga. Lipu ikaanguka vipande vipande miguuni kwake. Akaendelea kupiga kutoka pembe ya dirisha kushuka hadi msingi, hakuharakisha, mpaka ufa wote ukawa wazi, na vidole vyake vinne akavitumbukiza ndani ya ukuta hadi vikapotea. Akageuka, akamtazama mwenye kinu, mkono wake bado umo ndani ya nyumba. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Sikuwahi kumpenda Kaka kama nilivyompenda wakati ule. Nikafikiri, huyu mmoja atasikia. Mama hayupo, lakini huyu mmoja na watoto wake.

Mwenye kinu alisogea karibu. Akainama, akaupima ufa kwa jicho kutoka chini, akapanda nao hadi dirishani, akarudi nyuma hatua chache ili aione ghorofa yote, imesimama kwenye jua. Akavaa kofia yake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, ya heshima, kama mtu asiyetaka kumwongezea mfiwa uchungu.

"Hiyo lipu, Fundi, si inarudishika?"